Vipimo

Niliingia dukani na futikamba shingoni,
nimesahau kuivua tangu asubuhi.
Mlango wa kwanza chuma, wa pili chuma,
na baina yao mlinzi akanikagua mkoba,
akatoa mkasi wangu, akauweka kando:
silaha haziruhusiwi, mama.
Ndani humo zimepangwa ukutani kama miko.

Bwana Nauman akaishusha moja,
akaitandika juu ya kitambaa cha kijani
kama mtu alazaye mtoto wa mwenyewe.
Ya pampu hii, akasema. Haikwami. Haina mambo mengi.
Wavuta nyuma, wasukuma mbele.
Akavuta, akasukuma.

Sauti ile!
Shemeji Badi akatabasamu kama aliyeonjeshwa halua.
"Mwizi akisikia hino tu, hangoji ya pili."
Mimi nilisikia cherehani iliyovunja sindano.

Tangu wale vijana wa mapanga wapite Mlaleo
kila nyumba ina shauri lake:
huyu mbwa, huyu king'ora, yule kombe la kuandikiwa.
Badi yeye bunduki. Fomu keshanijazia,
imebaki saini na sababu.
Sababu: mjane, nyumba ya pembeni, taa ya njia imekufa.

Nikaomba niipime.
Wakadhani nataka kuilenga. Nikavua futikamba.
Kitakoni hadi ncha ya mtutu, inchi thelathini na tisa.
Ujia wa kwangu, ukuta kwa ukuta, thelathini na nne,
na hapo sijahesabu kona ya choo
wala pipa la maji
la siku zile mfereji haukohoi hata tone.
Nitageukaje nayo?
Nimwambie mwizi, tafadhali, rudi hatua mbili?

Kisha nikaishika. Kilo tatu na ushei.
Bega langu la kulia, hili linalokataa hata kuanika shuka,
likasema la kabla yangu.

Na marisau, nikauliza, yakishatoka huenda wapi?
Akanionyesha risasi moja, nyekundu,
mfano wa rangi ya mdomo yenye kitako cha shaba.
Ndani mna tisa, akasema. Hutawanyika.
Tisa.
Nikayagawa kama nigawavyo vifungo.
Ya mwizi mangapi? Mawili, matatu,
kama mkono hautetemeki, na mkono utatetemeka.
Yaliyobaki yatapenya plaibodi,
na nyuma ya plaibodi ni kitanda cha Kadzo, mpangaji wangu,
na mwanawe wa miezi minne
niliyemshonea kofia kwa kukisia
maana kichwa chake hakitulii kikapimwa.

Nikamweleza Bwana Nauman yote: ujia, pipa, plaibodi.
Akasikiliza, muuzaji yule, hakunikatiza.
Akafuta alama za vidole vyangu kwenye chuma,
akairudisha mahali pake, akasema:
"Mama, bunduki hii ni nzuri.
Nyumba yako ndiyo mbaya."

Mkasi wangu nilirudishiwa mlangoni.
Badi hakunisemesha mpaka Buxton.

Nimenunua makomeo mawili, bawaba tatu nene,
na taa ya jua inayowaka hata paka akipita,
na paka wa Mlaleo hawalali.
Kadzo ndiye aliyeshika ubao nikitoboa.
Tumepatana: akigonga plaibodi mara tatu
nami nigonge, kisha tupige ukelele wote wawili,
wa harusi au wa msiba, wowote utakaotangulia kooni.
Fomu nimeikata patani ya kola.

Lakini sitasema uongo.
Usiku, kitambaa kikigoma chini ya sindano,
mkono wangu wa kushoto huenda nyuma, ukaja mbele,
wenyewe,
nami husimamisha cherehani
nikasikiliza
kama kuna mtu anayekimbia.